Ngoma ya Rumanyika: Karagwe, Elimu ya Batini na Hadithi za Ajabu

Fasihi ya ajabu, yaani ile isimuliayo nchi zisizo katika ramani na viumbe wasioonekana kwa macho, imepata wasomaji wengi mno duniani katika miaka mia moja iliyopita. Wahakiki waliochungua fasihi hiyo wameona kwamba chini ya mapanga, majoka na pete zake yamelala mafundisho ya kale, na kwamba miongoni mwa mafundisho hayo yamo yale ya Wagnosi. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba historia ya Karagwe, nchi ambayo leo imegawanyika katika wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, inahusika na habari hiyo. Huko, katika karne ya kumi na tisa, zilikutana namna mbili za kusimulia mambo ya ghaibu. Moja iliitwa historia, na nyingine ikaitwa upuuzi wa washenzi. Muda mrefu ulipita kabla watu hawajauliza kama majina hayo yalikuwa yamebandikwa mahali pake.

Yafaa kwanza kueleza Wagnosi walikuwa watu gani. Walikuwa wafuasi wa madhehebu mbalimbali yaliyostawi katika nchi za mashariki ya Bahari ya Kati, hasa Misri na Shamu, katika karne ya pili na ya tatu baada ya Kristo. Jina lao latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya maarifa. Ingawa walitofautiana katika mengi, wengi wao walifundisha mambo matatu. La kwanza, kwamba ulimwengu huu haukuumbwa na Mungu wa kweli, bali na mtawala wa chini, mjinga au mwovu. La pili, kwamba ndani ya baadhi ya watu imo cheche ya nuru iliyotoka juu ikaanguka katika udongo. La tatu, kwamba wokovu ni cheche hiyo kuikumbuka asili yake na kurudi kwao. Kwa karne nyingi watu hawa walijulikana zaidi kwa maneno ya maadui wao, hata mwaka 1945 wakulima wa Misri walipofukua karibu na Nag Hammadi mtungi wenye vitabu vyao katika lugha ya Kikopti.

Mwenye kusoma Kiswahili hatayaona mambo haya kuwa mageni kabisa. Lugha yake inayo tangu zamani maneno dhahiri na batini, ambayo masufii na washairi wa pwani waliyatumia kutenganisha gamba la jambo na kiini chake. Hata hivyo ipo tofauti isiyopasa kusahauliwa. Kwa sufii, ulimwengu ni ishara ya Muumba wake, na mwenye macho huisoma. Kwa Mgnosi, ulimwengu ni gereza, na mwenye maarifa hutafuta mlango wa kutokea.

Mafundisho ya gereza na cheche yamewavutia sana waandishi wa hadithi za ajabu. David Lindsay, katika riwaya yake A Voyage to Arcturus ya mwaka 1920, alisimulia sayari ambayo uzuri wake wote ni mtego uliotegwa na mtawala wa uongo ili nuru ya kweli isirudi kwake. C. S. Lewis, ingawa alikuwa Mkristo thabiti asiyekubali kwamba dunia ni kazi ya shetani, katika The Silver Chair ya mwaka 1953 alimweka mwana wa mfalme chini ya ardhi, amelogwa hata amesahau jua na ufalme wake. Philip Pullman, katika vitabu vitatu vya His Dark Materials vilivyotoka kati ya mwaka 1995 na 2000, alimleta mungu wa bandia aliyejitwalia enzi, na maarifa yanayowindwa kana kwamba ni dhambi. Hadithi hizi zina mfanano na utenzi wa kale wa Kisiria, Wimbo wa Lulu, unaomhusu mwana wa mfalme aliyetumwa Misri kuleta lulu, akala chakula cha huko, akasahau yeye ni nani, hata barua ya wazazi wake ilipomwamsha.

Basi na tuitazame Karagwe. Mnamo Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia katika nchi hiyo wakitafuta chanzo cha mto Naili. Mfalme wa zamani hizo alikuwa Rumanyika, wa nasaba ya Wahinda, na makao yake yalikuwa upande wa Bweranyange, juu ya ziwa ambalo Speke alilipa jina la Windermere kwa kulifananisha na ziwa la kwao. Wageni walishangaa kupokewa na mfalme kwa salamu za Kiswahili kizuri. Hapakuwa na ajabu katika jambo hilo, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuizoea njia ya Karagwe na walikuwa na kituo chao Kafuro. Speke mwenyewe hakuwa na Kiswahili cha kutosha. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akayageuza maneno kwa Kiswahili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale ambayo Ulaya ilisoma baadaye juu ya siri za ufalme wa Karagwe ilipita kwanza katika lugha hii.

Speke alikaa hapo hata Januari mwaka 1862, na katika mazungumzo yao Rumanyika alimweleza habari za mazishi ya baba yake, Ndagara, na za kurithi kiti chake. Maiti ya mfalme, alisema, ilishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikawekwa katika mtumbwi juu ya maji kwa siku tatu mpaka ikaoza. Funza watatu waliotoka humo wakachukuliwa nyumbani kwa mrithi. Mmoja akageuka simba, wa pili akageuka chui, na wa tatu akageuka fimbo. Kisha maiti ikapelekwa mlimani kuzikwa.

Ndipo likaja suala la urithi. Wana watatu wa Ndagara, yaani Rumanyika, Nnanaji na Rogero, waliwekewa mbele yao ngoma ndogo. Kwa kweli ngoma hiyo ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini dawa iliyotiwa ndani yake iliifanya iwe nzito hata asiweze kuiinua ila yule aliyeridhiwa na mizimu. Ndugu wawili walishindwa. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole chake cha mwisho. Ukabaki mtihani mwingine: aliketishwa mahali maalumu, na ardhi ikainuka naye kidogo kidogo kuelekea mbinguni, mfano wa darubini inayovutwa. Aliyestahili hushushwa polepole bila kudhurika. Asiyestahili huangushwa akavunjika vipande vipande.

Speke aliyaandika haya katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwa kalamu ya mtu anayewafurahisha wasomaji wake. Lakini kitabu hicho hicho chaeleza pia upande wa dhahiri wa mambo. Baada ya kifo cha Ndagara palitokea vita vya ndugu, na Rogero alikuwa na wafuasi wengi. Rumanyika aliokoka kwa msaada wa wafanyabiashara, akiwamo Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa na makao yake Kaze, karibu na Tabora ya leo, ambao walilala katika jumba la mfalme na bunduki zao kwa muda wa miezi. Mwenye haraka atasema: basi ngoma ilikuwa uongo, na bunduki ndiyo kweli. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Bunduki zaeleza jinsi Rumanyika alivyokipata kiti. Hazielezi kwa nini watu walikubali kwamba kiti kile ni halali, wala kwa nini mfalme aliyeshinda kwa risasi aliona haja ya kusimulia ngoma.

Simulizi ya ngoma ina mafunzo yake. Yasema kwamba ufalme ni mzigo, na kwamba uzito wake haupimwi kwa nguvu za mkono. Simulizi ya ardhi inayoinuka yasema kwamba jinsi mtu anavyopandishwa ndivyo anguko lake linavyozidi kuwa la hatari. Na ile ya funza yasema jambo ambalo Mgnosi asingelikubali hata kidogo: kwamba uhai wa ufalme hautoki katika nuru iliyoukimbia mwili, bali hutoka katika mwili wenyewe, katika uozo wake, kama shina jipya la mgomba litokavyo penye mgomba uliokatwa. Kwa Mnyambo wa zamani hizo, aliyeishi kwa migomba na ng'ombe, udongo haukuwa gereza la roho.

Hata hivyo, aliyeleta Karagwe hadithi inayofanana na ile ya Wagnosi hakuwa Rumanyika. Alikuwa Speke. Katika kitabu chake aliweka nadharia kwamba watawala wa nchi za maziwa walikuwa watu wa asili nyingine, waliotoka Uhabeshi, wakashuka kusini, wakawatawala wenyeji, na kwa muda mrefu wakasahau dini na nasaba yao. Alimwambia hivyo Rumanyika mwenyewe. Hakuwa na hati wala jiwe la ushahidi. Alikuwa na maumbo ya nyuso, habari za Biblia na mawazo ya zama zake juu ya daraja za watu. Ukiyatazama vizuri masimulizi yake utaona sura inayojulikana: watu wa nuru watokao mbali, walioanguka katika nchi ya giza, waliosahau asili yao, na mjumbe anayekuja kuwakumbusha. Mjumbe huyo, bila shaka, ni Speke.

Henry Morton Stanley alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876, aliionyeshwa nyumba ya hazina, akaona sanamu za ng'ombe na vyombo vingi vya shaba na chuma. Habari kama hizo ziliwafikia wasomaji wa Ulaya katika miaka ileile ambayo riwaya za falme zilizofichika zilianza kustawi. H. Rider Haggard alitoa King Solomon's Mines mwaka 1885 na She mwaka 1887. Katika ile ya pili, ndani ya Afrika yumo malkia mweupe asiyekufa, mwenye elimu ya siri, anayetawala watu weusi katikati ya magofu ambayo wao hawakuyajenga. Lewis alimsifu Haggard kwa uwezo wake wa kuzua visasili, naye J. R. R. Tolkien alikiri kwamba She ilimvutia sana utotoni. Hivyo vitabu vya wasafiri viliandaa udongo, Haggard akapanda mbegu, na katika miti mikubwa ya fasihi ya ajabu ya karne ya ishirini imo mizizi iliyonywa maji hayo.

Kama mambo yangekwisha katika riwaya, pasingekuwa na haja ya kulalamika. Mwandishi wa riwaya hamlazimishi mtu kuamini kwamba malkia wake aliishi. Lakini nadharia ya Speke ilitoka katika kitabu cha safari, ikaingia katika vitabu vya shule, katika mahubiri na katika faili za serikali. Wachwezi, ambao katika masimulizi ya wenyeji ni watawala wa kale waliotoweka wakawa mizimu, waligeuzwa kuwa taifa la wageni weupe au nusu weupe. Nchini Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, utawala wa Kibelgiji uliitumia fikira hiyo kuwagawa raia, na katika miaka ya 1930 ukaiandika migawanyo hiyo katika vitambulisho. Mwaka 1994 wauaji waliwaambia wahanga wao warudi Uhabeshi walikotoka, na kuwatupa mitoni. Wakimbizi walivuka mpaka wakaingia Ngara na Karagwe, katika nchi ileile ambamo hadithi hiyo ilikuwa imesimuliwa kwa upole, kando ya ziwa, zaidi ya miaka 130 kabla yake.

Hapa ndipo penye hatari ya fundisho la Wagnosi linapotoka katika batini na kuvikwa dhahiri. Mtu akisema kwamba ndani ya kila nafsi imo cheche iliyosahau kwao, amesema jambo la kutafakari. Akisema kwamba cheche hiyo imo katika ukoo huu wala haimo katika ule, kwamba hawa ni wa nuru na wale ni wa udongo, amechora mstari ambao siku moja atakuja mwenye panga kuufuata.

Elimu ya karne ya ishirini imeisahihisha historia hiyo kwa sehemu kubwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu wa Kagera walifua chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, na kwamba mahandaki makubwa ya Bigo nchini Uganda, yaliyohusishwa na Wachwezi, yalikuwa kazi ya wenyeji wa nchi. Israel Katoke, katika historia yake ya ufalme wa Karagwe iliyochapishwa mwaka 1975, aliyapa masimulizi ya wenyeji nafasi yake kama ushahidi wa kupimwa. Masimulizi hayo yanajua kwamba kabla ya Wahinda alikuwapo Nono wa ukoo wa Wasita, na kwamba Ruhinda alimwondoa kwa hila. Hayakuficha kwamba ufalme ulinyang'anywa. Wala hayakudai kwamba mnyang'anyi alikuwa kiumbe wa aina nyingine.

Je, masimulizi hayo yalifundisha nini juu ya ghaibu? Katika nchi za Kagera husimuliwa kwamba Wamara, Mchwezi mkuu ambaye Ruhinda hutajwa kuwa mwanawe, alishuka pamoja na wenzake katika nchi iliyo chini ya ardhi, ufalme wa Kintu. Kintu aliwakirimu, akawapa ng'ombe na mbegu, naye Wamara akapaswa kumrudishia shukrani. Wamara alirudi juu, akastawi, akasahau. Ndipo Kintu alipomtuma Rufu, yaani Kifo, aende kudai. Tangu hapo Wachwezi wakatoweka duniani, na mauti yakabaki na watu. Huko Bunyoro husimuliwa habari iliyo jamaa ya hii: Isaza, mfalme wa juu, aliombwa undugu wa damu na Nyamiyonga, mfalme wa chini, akamdanganya kwa kupeleka damu ya mtumishi wake Bukuku. Mwisho wake, Isaza mwenyewe alivutwa chini ya ardhi kwa kuwafuata ng'ombe.

Tukiyalinganisha masimulizi hayo na Wimbo wa Lulu, tunaona kwamba yote yasema juu ya kushuka, ufalme uliofichika na kusahau. Lakini kilichosahauliwa si kimoja. Mwana wa mfalme katika utenzi wa Kisiria alisahau yeye ni nani. Wamara alisahau anadaiwa nini. Wa kwanza huokoka kwa kujua asili yake na kuiacha nchi ya ugeni. Wa pili angeokoka kama angemkumbuka aliyempa na kumlipa. Kwa Mgnosi ulimwengu ni wizi uliofanywa na mtawala wa bandia, na kwa msimulizi wa Kagera ni karadha. Ndiyo maana elimu ya siri ya kubandwa, ambamo wanafunzi walipitishwa katika unyago wa kufa na kuzaliwa upya, wakapewa majina mapya na maneno yasiyojulikana kwa wengine, haikuwa njia ya kuutoroka ulimwengu. Aliyekwisha kupanda kichwani Mchwezi wake alirudi kijijini kutibu wagonjwa na kuwaombea tasa. Siri yake ilikuwa na kazi. Wala si kwamba elimu hiyo ilikuwa safi pande zote. Ilikuwa na ada zake, vitisho vyake na watu walioifanya chambo. Lakini haikumfundisha mtu kuidharau dunia.

Fasihi ya Kiswahili ya ajabu, kwa upande wake, imeielekea njia hii ya pili zaidi ya ile ya kwanza. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliiweka nchi yake angani, akawatoa wajumbe sita waende pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, kuleta maarifa. Wajumbe wote walirudi, na wote walifungwa. Ni kisa ambacho Mgnosi angekitambua mara moja, kwani mna watawala wanaoiogopa elimu na wabeba nuru walio gerezani. Lakini Karama, mtetezi wao, hakuwashauri waikimbie Kusadikika. Alisimama barazani akaidai sheria, na mwisho wafungwa wakafunguliwa ili nchi yao ifaidike nao. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa ambacho ukoo wake wa watawala husemwa ulitoka Ihangiro upande wa Kagera, alikwenda mbali zaidi katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, ambamo ukweli huwindwa katika pori la ndoto na mauti. William Mkufya naye, katika Ziraili na Zirani ya mwaka 1999, aliileta hadi mbinguni na motoni mabishano ya mwanadamu na Muumba wake. Hapana haja ya kudai kwamba waandishi hawa walichota kwa Wamara. Yatosha kuona kwamba msomaji aliyelelewa na masimulizi ya Wamara hatajiona mgeni kwao.

Lipo basi jukumu kwa wanaosoma na kufundisha fasihi. Desturi iliyopo ni kuipima hadithi ya Kiafrika kwa kipimo kilichotoka kwingine: ikifanana na Wagnosi yaitwa ya kina, isipofanana yaitwa ngano ya watoto. Historia ya Karagwe yaonyesha hasara ya kipimo hicho. Mwaka 1861 watu wawili walikaa pamoja wakasimuliana mambo yasiyoonekana. Mmoja alisema kwamba ngoma humjua mwenye haki, na kwamba anayepandishwa juu bila kustahili huanguka. Mwingine alisema kwamba baadhi ya watu wana asili ya juu kuliko jirani zao. Kauli ya kwanza iliwekwa katika fungu la hadithi za ajabu, na ya pili katika fungu la elimu. Kama mafungu hayo yangebadilishana, wangeokoka watu wengi.

Ufalme wa Karagwe haupo tena. Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Kyerwa ilitengwa na Karagwe kuwa wilaya yake mwaka 2012, na mwaka 2019 jina la Rumanyika lilipewa hifadhi ya taifa katika nchi aliyoitawala. Vyombo vya Bweranyange vilivyosalia hutazamwa kama vitu vya makumbusho. Ngoma haiwekwi tena mbele ya wana wa mfalme. Lakini swali lililokuwa ndani yake lingali linamkabili kila anayepewa madaraka, na kila anayepewa kalamu ya kuandika habari za watu wengine: kama mzigo alioutwaa ni mwepesi kwa kuwa anastahili kuubeba, au ni mwepesi kwa kuwa hajaujua uzito wake.